Siku ya Tatu Hawakupewa Jembe: Kisa cha York, 1190

Asubuhi ya tarehe 17 Machi 1190, watu waliokuwa wametoka kuua walielekea moja kwa moja kwenye kanisa kuu la mji wa York, kaskazini mwa Uingereza. Hawakwenda kuungama. Waliwabana watunzaji wa kanisa mpaka wakatoa hati za madeni zilizohifadhiwa mle ndani, wakazirundika sakafuni na kuzitia moto. Hati hizo zilikuwa vipande vya ngozi vyenye lakiri za wadaiwa. Ngozi haiwaki upesi kama karatasi. Hujikunja, hutoa moshi, hunuka kama nywele zilizoungua. Kazi ile ilitaka subira, na wao walikuwa nayo.

Nimeanza na moto huo kwa makusudi, ingawa kisa chenyewe hujulikana zaidi kwa yaliyotokea usiku wa kuamkia siku hiyo ndani ya ngome ya mfalme, ambako Wayahudi wapatao 150, wanaume, wanawake na watoto, walipoteza maisha. Wauaji walisema wanalipiza damu ya Kristo. Huenda wengi wao waliamini hivyo kweli. Lakini kazi ilipokwisha, walijua hati zao ziko wapi.

Chuki dhidi ya Wayahudi huelezwa mara nyingi kana kwamba ni ugonjwa wa zamani usio na mwanzo: walikuwa wageni, hawakutaka kuchanganyika, basi wakachukiwa. York inaonyesha jambo tofauti. Ugeni wao ulitengenezwa, tena na watu wenye mamlaka, kwa sheria zilizoandikwa na kutiwa muhuri.

Meli zilezile

Kabla ya mwaka 1066 hakuna jamii ya Wayahudi inayojulikana kuishi Uingereza. Mwaka huo William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari kutoka Ufaransa, akamshinda mfalme wa Waingereza na kukitwaa kiti. Baada ya ushindi Wayahudi wa mji wa Rouen wakamfuata. Mfalme mpya alihitaji watu wenye fedha taslimu na wenye jamaa wa kibiashara ng'ambo.

Sasa tazama jambo hili. Wanormani nao walikuwa wageni, tena wageni waliokuja na panga, wakawanyang'anya wenyeji ardhi na kuwatawala kwa lugha isiyo yao. Wayahudi walizungumza Kifaransa hichohicho. Majina yao ya mtaani, kama Benedict na Josce, yalikuwa ya Kifaransa. Baada ya vizazi vitatu hivi, mjukuu wa askari wa Kinormani alikuwa Mwingereza mwenye shamba, kanisa na kaburi la babu yake. Mjukuu wa Myahudi wa Rouen, aliyezaliwa Uingereza kama baba yake, alikuwa bado mgeni.

Waswahili tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo tunaitumia kumsema mgeni mvivu, lakini ndani yake kuna ukarimu mkubwa: ukishapewa jembe, wewe si mgeni tena. Wayahudi wa Uingereza hawakupewa jembe. Kumiliki ardhi kwa utaratibu wa siku zile kulihitaji kula kiapo cha utii kwa bwana, kwa ibada ya Kikristo, na kuwa tayari kumpigania. Ufundi mijini uliingia mikononi mwa vyama vilivyokuwa pia vyama vya kidini, kila kimoja na mtakatifu wake na sherehe zake. Myahudi angeapaje kwa mtakatifu?

Palibaki mlango mmoja. Kanisa liliwakataza Wakristo kutozana riba, na mwaka 1179 Mtaguso wa Tatu wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliamuru wala riba wanaojulikana wanyimwe hata maziko ya Kikristo. Sheria ya Kiyahudi ilimruhusu Myahudi kumtoza riba asiye Myahudi. Kwa hiyo walikopesha. Si wote: kulikuwa na waganga, wafua dhahabu, walimu, watumishi na wachuuzi, na wengi walikuwa maskini tu wanaoishi kwa kivuli cha matajiri wachache. Wala hawakuwa peke yao katika biashara hiyo. Mmoja wa wakopeshaji wakubwa wa karne hiyo nchini Uingereza, William Cade, alikuwa Mkristo kutoka Flanders. Lakini jina la kazi lilishawaganda Wayahudi.

Mrija

Ili kuelewa kilichowasha York lazima tushuke mpaka kwenye hesabu za mkopo mmoja.

Tuseme wewe ni kabaila mdogo wa Yorkshire. Una shamba, farasi wawili na jina zuri. Unataka kujenga, au kumwoza binti, au kwenda vitani Yerusalemu kama wenzako. Unakopa pauni 10. Riba ya peni 2 kwa kila pauni kwa wiki ilikuwa ya kawaida. Pauni moja ilikuwa na peni 240. Kwa hiyo kila wiki deni linaongezeka kwa peni 20, na mwaka ukiisha riba peke yake ni peni 1,040, yaani zaidi ya pauni 4. Miaka miwili na nusu bila kulipa, na deni limezidi maradufu. Kukopa harusi, kulipa matanga. Rehani yako ni shamba.

Deni likikushinda, shamba linakwenda wapi? Hapa ndipo penye fundo. Myahudi hawezi kulikalia, kwa sababu ardhi si yake kumiliki. Anauza deni au rehani. Wanunuzi mara nyingi walikuwa mabwana wakubwa na nyumba za watawa, zilizokuwa na fedha na zilizotaka kupanua mipaka. Watawa wakapata malisho ya kondoo, bwana mkubwa akapata kijiji, kabaila mdogo akabaki na hasira. Hasira hiyo hakuielekeza kwa abati anayemwona kila Jumapili akibariki mkate. Aliielekeza kwa mtu aliyeshika hati.

Juu ya wote alikuwepo mfalme. Mkusanyo mmoja wa sheria wa karne ya 12 unasema wazi kwamba Wayahudi na vyote walivyo navyo ni mali ya mfalme. Maneno hayo yalikuwa na faida kwao: walisafiri barabarani chini ya ulinzi wake, walishtaki katika mahakama zake, na hatari ikija waliweza kukimbilia ngome zake. Bei yake ni kwamba mfalme aliwatoza kodi alipotaka na kiasi alichotaka. Mwaka 1186 alifariki Aaron wa Lincoln, mkopeshaji mkubwa kuliko wote nchini, aliyewahi kugharimia hata ujenzi wa abasia. Mfalme Henry II alitwaa mali yake yote. Hazina yake ya fedha ilipakiwa melini kupelekwa Ufaransa ikazama baharini, lakini madeni hayazami: kiasi cha pauni 15,000, kutoka kwa wadaiwa wapatao 430. Serikali ililazimika kufungua kitengo maalumu cha kuyafuatilia, na baadhi ya wadaiwa hao walikuwa makabaila wa Yorkshire.

Myahudi alikuwa mrija. Mfalme alinywa kupitia kwake. Anayenyonywa anauona mrija, haoni mdomo ulio upande wa pili, na hata akiuona, mdomo ule una taji.

Hadithi iliyotangulia

Sisemi kwamba yote yalikuwa fedha. Deni linaeleza kwa nini mtu achome hati. Halielezi kwa nini mji mzima ukubali watoto wauawe. Kwa hilo ilihitajika hadithi.

Karne nyingi kabla, Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba Wayahudi wasiuawe, kwa sababu wao ni mashahidi wanaobeba vitabu vinavyomtabiri Kristo. Waishi, lakini chini. Mafundisho hayo yaliokoa maisha mengi. Pia yalimfundisha kila Mkristo wa Ulaya kwamba hali ya kawaida ya Myahudi ni kudhalilika, kwa hiyo Myahudi anayejenga nyumba ya mawe York anakuwa tusi linalotembea.

Mwaka 1144 mjini Norwich, mtoto wa miaka 12 aitwaye William alikutwa amekufa msituni. Miaka michache baadaye mtawa mmoja, Thomas wa Monmouth, aliandika kitabu akidai Wayahudi walimtesa kwa kuigiza mateso ya Kristo. Hakukuwa na ushahidi. Ila jambo moja ndani ya kitabu chake hichohicho husahaulika: shtaka hilo liliibuliwa mbele ya mfalme wakati kabaila mmoja alipokuwa anashtakiwa kwa kusababisha kifo cha Myahudi aliyekuwa anamdai. Askofu aliyemtetea kabaila akajibu kwamba kabla ya kesi hiyo kuna ya mtoto. Hadithi ambayo ingeua watu kwa karne nyingi Ulaya nzima ilisimamishwa mahakamani ikiwa utetezi wa mdaiwa.

Kutawazwa hadi mnara

Richard I alitawazwa Westminster tarehe 3 Septemba 1189. Wayahudi walikatazwa kuhudhuria. Baadhi yao walikwenda hata hivyo na zawadi, wakiwemo matajiri wawili wa York, Benedict na Josce. Walisukumwa mlangoni, vurugu zikaanza, uvumi ukaenea London kwamba mfalme ameamuru Wayahudi wauawe, na nyumba zao zikachomwa moto. Benedict alijeruhiwa vibaya, akabatizwa kwa nguvu, akapewa jina William. Kesho yake mfalme alimuuliza yeye ni nani. Akajibu kwamba ni Myahudi wa York. Askofu Mkuu wa Canterbury, aliyekuwepo, alisema kwa hasira kwamba kama hataki kuwa mtu wa Mungu basi na awe mtu wa Shetani. Benedict alifia njiani, mjini Northampton, akirudi nyumbani. Wakristo hawakumtaka makaburini mwao, na Wayahudi nao hawakumpokea kwao kwa sababu ya ule ubatizo.

Richard alitoa amri ya kuwalinda, kisha Desemba akavuka bahari kuelekea Vita vya Msalaba. Mlinzi alikuwa ameondoka na kila mtu alijua. Miezi iliyofuata vijana waliojitayarisha kwenda vitani waliwashambulia Wayahudi wa Lynn, Norwich na Stamford. Lincoln nako walitishiwa, lakini huko walikimbilia ngome ya mfalme mapema na mali zao, wakasalimika. Ukumbuke mji huo.

York ilianza usiku mmoja wa mwezi Machi. Moto ulizuka mjini na watu walipokuwa wakihangaika kuuzima, kikundi chenye silaha kilivunja nyumba ya marehemu Benedict, kikamuua mjane wake na waliokuwemo, kikabeba mali na kuiacha nyumba ikiungua. Josce aliwaongoza Wayahudi wenzake kukimbilia ngomeni.

Kisha ikaja siku ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kiini cha kisa. Mkuu wa ngome alitoka kwa shughuli zake. Waliokuwa ndani, waliokwisha kuona amri ya mfalme inavyopuuzwa, walianza kujiuliza alikwenda kuzungumza na nani. Aliporudi walikataa kumfungulia.

Ni rahisi kusema leo kwamba walikosea. Kwa kufunga lango waligeuka, kisheria, kuwa watu waliotwaa ngome ya mfalme, na mkuu wa ngome alikwenda kulalamika kwa mwakilishi wa mfalme katika jimbo, John Marshal, ambaye aliita askari wa jimbo na kuamuru ngome irudishwe kwa nguvu. Umati ulifurahi kuungana nao. Inasemwa Marshal alijuta haraka na kutaka kusimamisha, lakini umati haukurudi nyuma. Mimi siwalaumu waliofunga lango. Watu wa Lincoln walimwamini ofisa wao wakapona. Watu wa York walikuwa na sababu ya kutomwamini wa kwao. Anayeishi kwa hisani ya mtu mmoja hana kitu kingine cha kupima ila uso wa mtu huyo, na siku ile uso haukuwepo. Lawama naiweka kwa Marshal, aliyekuwa na askari na akawaelekeza upande usiofaa.

Waliouongoza umati wanajulikana kwa majina: Richard Malebisse, William Percy, Marmaduke Darell, Philip de Fauconberg, makabaila wa jimbo, na kati yao walikuwemo waliofungwa na madeni kwa Wayahudi. Mwandishi wa tarehe William wa Newburgh, mtawa aliyeishi si mbali na York na aliyeandika mambo haya miaka michache baadaye, alicheza na jina la Malebisse akasema linamstahili: mnyama mwovu. Anamtaja pia mtawa mmoja mwenye kanzu nyeupe aliyehimiza mashambulizi kila siku mpaka jiwe lililotupwa kutoka juu ya ukuta likamuua.

Ijumaa tarehe 16 Machi, mitambo ya kubomolea ukuta iliwekwa tayari. Jioni hiyo iliingia Sabato inayotangulia Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kukumbuka kuokolewa kutoka Misri. Rabi Yom Tov, mwanachuoni aliyetoka Joigny nchini Ufaransa, aliwashauri wafe kwa mikono yao wenyewe kuliko kuuawa au kubatizwa kwa nguvu. Waliokubali walichoma vitu vyao kwanza. Josce alimuua mkewe Hannah na watoto wao, kisha yeye mwenyewe akafa kwa mkono wa rabi. Wachache hawakukubali. Kulipopambazuka walitokeza ukutani, wakaonyesha maiti, wakaomba kubatizwa. Waliahidiwa uhai. Walipotoka wakauawa.

Hapo ndipo msafara ulipokwenda kanisani.

Kilicholindwa baadaye

Newburgh anasikitika. Anaona aibu hasa kwa ahadi iliyovunjwa kwa watu walioomba ubatizo. Wakati huohuo anawaita Wayahudi wakaidi na wenye kiburi, na anaamini kwamba mafanikio yao yalipita kiasi. Namsoma kwa uangalifu kwa sababu ndiye shahidi mwema tuliye naye, na hata huyu mwema hapati shida na wazo kwamba Wayahudi walistahili kushushwa. Anakataa njia iliyotumika tu.

Mfalme alikasirika. Mwezi Mei waziri wake mkuu, William Longchamp, alifika York na jeshi. Alimwondoa Marshal na mkuu wa ngome, akawatoza wenyeji wenye uwezo faini na kuchukua mateka. Mashamba ya Malebisse yalitwaliwa. Lakini hakuna hata mmoja aliyenyongwa. Malebisse alirudishiwa mashamba yake baadaye, na chini ya Mfalme John alikuwa tena mtu wa serikali.

Kilichofuata mwaka 1194 kinaeleza kila kitu. Serikali iliamuru kwamba kila mkopo wa Myahudi uandikwe mbele ya mashahidi katika miji maalumu, na nakala iwekwe ndani ya kasha lenye kufuli tatu: ufunguo mmoja kwa Wakristo, mmoja kwa Wayahudi, mmoja kwa karani wa mfalme. York ilipata kasha lake. Tangu siku hiyo, kumuua mkopeshaji na kuchoma hati yake kusingefuta deni, kwa sababu mfalme alikuwa na nakala. Somo alilolipata mfalme kutokana na maiti 150 lilikuwa la utunzaji wa kumbukumbu.

Wayahudi walirudi York, nayo jamii yao ikatajirika tena kwa muda. Lakini kasha lilikuwa pia kipimo: mfalme sasa aliweza kuona kila mtu ana kiasi gani na amtoze kiasi gani. Aaron wa York, aliyekuwa kiongozi wa Wayahudi wote wa Uingereza katika karne ya 13, alikamuliwa hadi akafa maskini mwaka 1268. Walivyozidi kukamuliwa, ndivyo walivyozidi kuwabana wadaiwa, ndivyo wadaiwa walivyozidi kuwachukia. Mwaka 1218 Uingereza iliwalazimisha kuvaa alama nguoni, nchi ya kwanza Ulaya kutekeleza agizo hilo la Mtaguso wa Laterano wa 1215. Mwaka 1275 Edward I aliwapiga marufuku kutoza riba na kuwaambia wafanye biashara na kazi za mikono. Jembe lilikuja miaka mia mbili baada ya siku ya tatu, nalo halikuwa na mpini: vyama vya mafundi vilibaki vimefungwa, na ruhusa ya kukodi mashamba ilikuwa ya miaka 15 tu. Tarehe 18 Julai 1290 waliamriwa kuondoka wote kabla ya tarehe 1 Novemba. Bunge lilimlipa mfalme kwa kodi nono. Wayahudi walikuwa wamebaki elfu mbili au tatu hivi.

Kwa zaidi ya miaka 360 hakukuwa na Wayahudi walioruhusiwa kuishi Uingereza kama Wayahudi. Katika pengo hilo, mwishoni mwa miaka ya 1590, Shakespeare alimwandika Shylock, mkopeshaji mwenye hati na kisu katika tamthilia ya The Merchant of Venice, kwa watazamaji ambao wengi wao hawakuwahi kumwona Myahudi. Alimtoa katika hadithi, na hadithi ilikuwa imeanza kujengwa enzi za Norwich na York. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia hiyo mwaka 1969 aliiita Mabepari wa Venisi, jina linaloelekeza kidole kwenye mtaji.

Mtaani hatukumfuata Mwalimu wote. Mkopo wa riba kali, ule wa kuacha kadi ya benki na namba ya siri kwa mkopeshaji, Tanzania unaitwa kausha damu, kwa jina la kinachomtokea mkopaji. Nairobi anayeutoa anaitwa shailoki.